Mzee Mstari na Maneno ya Mahali

Mtaani hakuna aliyemwita kwa jina lake. Aliitwa Mzee Mstari, kwa sababu suruali iliyotoka mikononi mwake ilikuwa na mstari ulionyooka toka kiunoni hadi kwenye pindo, na aliyeivaa aliogopa kukaa. Alikuwa dobi. Duka lake lilikuwa chumba kimoja chenye meza ndefu iliyotandikwa blanketi kuukuu na shuka juu yake, pasi mbili, moja nzima na nyingine mgonjwa wa kudumu, na kamba zilizovutwa toka ukuta huu hadi ule zikiwa zimejaa nguo za watu. Nyuma ya pazia ndiko alikolala. Mke wake alikuwa amefariki zamani. Binti yake, mtoto wake wa pekee, aliolewa nchi ya mbali, nchi ya baridi.

Mimi ni mwalimu wa Kiingereza cha watu wazima. Jioni watoto wakishaondoka shuleni, wanafunzi wangu huingia, wakajikunja kwenye madawati ya watoto magoti yakitafuta kidevu, nami nikaanza kuwafokea. Nawafokea kwa sababu nawapenda, ndivyo ninavyojiambia. Wao husema nawafokea kwa sababu nyumbani sina wa kumfokea. Yote mawili ni kweli.

Mzee Mstari alipotokea mlangoni mwa darasa mara ya kwanza, nilidhani ameniletea nguo yangu.

"Shikamoo, mzee. Sketi iko wapi?"

"Marahaba, Mwalimu. Sketi ipo, imetundikwa. Leo nimekuja kusoma."

Darasa zima likacheka. Dereva wa basi, ambaye hukaa dawati la nyuma kama alivyokaa utotoni na kwa sababu zilezile, akadakia: "Mzee, unataka kukipiga pasi Kiingereza?"

"Kama kimekunjamana, kwa nini nisikipige?" mzee akajibu, akaketi dawati la mbele kabisa.

Wanafunzi wangu wana haja zinazojulikana. Huyu anataka kazi hotelini, yule anataka kubeba watalii. Nilipomuuliza mzee haja yake, alisema anataka maneno ya mahali tu. Ndani, juu, chini, kando, nyuma, karibu. Akishayajua hayo ataondoka, hatanisumbua.

"Mzee, nyumba haijengwi kwa misumari mitupu," nilimwambia. "Kiingereza kina mambo mengine."

"Hayo mengine wape hawa vijana. Mimi nina swali moja tu."

Swali lenyewe alinieleza nilipofuata sketi yangu. Alinieleza akiwa anapiga pasi, bila kuniangalia, na mimi nilikuwa nimesimama kwenye kizingiti nikiwa na haraka zangu. Nilipoondoka haraka zote zilikuwa zimekwisha.

Binti yake ndiye aliyekuwa daraja kati yake na mkwe wake. Kwenye simu alikaa katikati yao: baba anasema hivi, mume wangu anasema vile, na bila shaka alitia chumvi yake huku na huku, maana mzee hakuwahi kusikia mkwewe akisema neno lisilopendeza. Mkwe alijua salamu, "asante", "karibu" na "kwaheri", akaishia hapo. Mzee alijua "hello". Haikuwa shida, daraja lilikuwepo. Kisha binti akaugua, ugonjwa wa kushtukiza, akafia hukohuko.

Habari ilikuja kwa ujumbe wa simu, kwa Kiingereza, mchana kweupe. Dukani kulikuwa na mteja mmoja akingoja suruali. Mzee aliona namba ya mkwewe, akampa mteja simu amsomee. Mteja akasoma, akasema, "Mzee, huyu anasema binti yako amefariki. Pole sana." Akasimama kidogo. Akabadilisha mguu wa kusimamia. Kisha akauliza kama suruali iko tayari, kwa kuwa alikuwa na miadi.

"Ilikuwa imebaki mguu mmoja," Mzee Mstari aliniambia. "Nikaumalizia, nikampa."

Nilipandwa na hasira. Nikamwambia anitajie mtu huyo, nimfuate hukohuko kwake, nimpe Kiswahili cha kutosha. Mzee akatikisa kichwa. "Angefanyaje, Mwalimu? Habari haikuwa yake." Lakini siku ile alijiwekea nadhiri: habari nyingine ya mtoto wake haitapita kwenye mdomo wa mtu. Ataisikia kwa masikio yake mwenyewe.

Na habari aliyokuwa akiitaka ni moja. Alitaka kujua amelala wapi. Safari ya kwenda huko haikuwa safari ya mtu kama yeye, hilo alilikubali. Alitaka angalau apaone kwa akili. "Kaburi la mama yake nalijua," alisema. "Liko kando ya ukuta, nyuma yake kuna njia ya mbuzi. Nikifumba macho nafika. La mtoto sifiki. Nikifumba macho naona giza tu, basi nafumbua."

"Nipe simu," nilisema. "Dakika moja tu nitakuuliziakia—" Ulimi ulinikwama kwa pupa. "Nitakuulizia sasa hivi."

"Najua ungeweza. Usinikasirikie. Wewe nifundishe kuuliza, halafu nifundishe kusikia jibu."

Mkwe wake hakuwa mtu mbaya. Alipiga simu kila Jumapili, hata baada ya msiba. Hello, Baba. Hello, habari? Nzuri, na wewe? Nzuri. Hapo maneno yao yaliisha, lakini hakuna aliyekata. Mzee aliiweka simu mezani akaendelea na mashati, na upande wa pili alisikia kijiko kikigonga kikombe, au kiti kikivutwa, au mtu akipenga kamasi. "Tunakaa tu," alinieleza, "kama watu wawili kwenye benchi la hospitali." Baada ya muda mkwe alisema kwaheri, na Jumapili ikawa imekwisha.

Basi nikamfundisha. Nilianza na vile tulivyonavyo. Kwetu, niliwaambia darasa, kijisilabi "ni" hufanya kazi ya kijiji kizima. Ukisema "mezani", iwe ni kitu kilicho juu ya meza au mtu aliyekaa hapo akila, Mswahili haulizi, ataona mwenyewe akifika. Mwingereza ana wasiwasi. Anataka kujua kabisa: kimo ndani? Hiyo ni "in". Kimelala juu yake? Hiyo ni "on". Kiko chini yake? "Under". Dereva akakasirika alipoambiwa kwamba abiria wa teksi yumo "in" na abiria wa basi yuko "on". "Mimi nimeendesha basi tangu ujana wangu," alilalamika, "na mtu wa juu ya basi nimembeba mara moja tu, na polisi walinikamata." Nikamwambia ameze hivyohivyo, kama dawa.

Mzee Mstari hakulalamika. Alijifunza kwa nguo. Shati ndani ya mfuko, "in". Shati juu ya meza, "on". Shati chini ya pasi, "under". Gauni la bibi harusi nyuma ya pazia, mbali na vumbi, "behind". Wateja waliingia wakamkuta akinong'ona peke yake, wakatoka wakisema dobi wetu ameanza kuota mchana. Nilipopita nje ya duka lake nilimsikia, na nilijikuta napunguza mwendo.

Kilichomtesa ni "at". Neno dogo kama punje, na lilimgomea.

"Ndani hapana, juu hapana, chini hapana," alisema. "Sasa huyo mtu yuko wapi?"

"Yupo hapo tu, mzee. Yuko mlangoni. Yuko kituoni. Unajua pale alipo, hujali kama amesimama ndani au nje."

Alifikiri. "Yaani unajua alipo, lakini hujui alivyolala."

"Hasa."

"Basi mimi na mwanangu bado tuko kwenye hiyo," alisema, akaiandika ubaoni kwa mkono wake, kubwa.

Tukatunga maswali. Je, yuko chini ya mti? Yuko karibu na barabara? Kando yake kuna nini? La mti ndilo alilolirudia kuliko yote. Binti yake hakuwahi kupenda jua. Alipokuwa mdogo alitembea akiambaa kuta, akifuata kivuli, na palipokosa kivuli alikimbia. Mzee alitamani awe chini ya mti, na kwa kulirudia sana swali lile akaanza kuamini kwamba mti upo. Alifika hata kuniuliza miti ya huko baridi inapukutisha majani au la. Nilimwambia inapukutisha. Alisononeka siku mbili hivi, kisha akaniambia kwamba wakati huo jua nalo halipo, kwa hiyo hakuna neno.

Alipojiona tayari, aliniomba niwepo.

"Uwepo tu. Usiseme kitu. Hata nikikosea."

"Hata ukikosea vibaya?"

"Hata nikiwatukana mama zao."

Ilikuwa Jumapili alasiri, mtaa umelala. Alinipa kigoda karibu na meza. Alikuwa amevaa shati jeupe lenye kola iliyosimama kwa wanga, kana kwamba simu ina macho. Pasi aliiacha ikipata moto, kwa mazoea, ingawa hakukuwa na nguo mbele yake. Simu ilipolia aliiacha ilie kidogo, akakohoa, akaipokea, akabonyeza ili sauti isikike chumba kizima.

Hello, Baba. Hello, habari? Nzuri, na wewe? Nzuri.

Kisha badala ya kunyamaza, mzee akasimama wima. "Nina swali," alisema. Maneno yao nayaandika hapa kwa Kiswahili. Yalisemwa kwa Kiingereza, na Kiingereza cha mzee kilikuwa kinatembea kwa magongo, lakini kilitembea. "Yuko wapi? Mwanangu. Amelala wapi?"

Halafu yule mkwe, ambaye kwa muda wote ule hakuwahi kusema naye zaidi ya salamu, akafunguka. Alisema haraka, maneno yakikanyagana, sauti ikipanda na kushuka. Na katikati ya maneno hayo alitamka neno moja refu ambalo sikuwa nimemfundisha mzee, wala lisingenijia akilini kumfundisha. Mimi nililielewa. Mzee hakulielewa. Alikuwa anangoja maneno yake ya mahali, mengine akiyaacha yapite, kama mtu kituoni anavyoyaacha mabasi yasiyo yake. Nikafungua mdomo. Akaninyooshea kiganja bila kunitazama, nikaufunga.

"Polepole," alimwambia mkwewe. "Tafadhali. Yuko chini ya mti?"

"Hapana, Baba. Hakuna mti."

Nilimwona usoni. Alikuwa ameupanda mti ule mwenyewe kichwani mwake na kuutunza. Akaendelea na swali la pili.

"Karibu na barabara?"

"Hapana. Yuko hapa. Yumo ndani ya nyumba."

"In," mzee alirudia, akanitazama kuuliza kama masikio yake yamesikia vizuri. Nikaitikia kwa kichwa. Hilo hakuwa amenikataza. "Ndani ya ardhi?" aliuliza tena.

"Hapana, Baba. Ndani ya boksi. Boksi dogo. Liko juu ya shelfu. Karibu na dirisha. Kando yake kuna vitabu vyake."

In, on, near, beside. Kila neno lilikuwa lile nililomfundisha, na mkwe aliyatamka taratibu, moja moja, kwa huruma, yakaingia yote. Hakuna hata moja lililompotea mzee. Sijawahi kuichukia kazi yangu namna ile.

Mzee alikuwa ameshika ukingo wa meza. Mkwe akaendelea polepole, akichagua maneno mepesi. Alisema naye alikuwa na swali tangu siku ile, ila hakujua nani wa kumsaidia kuliuliza. Je, Baba anamtaka? Kama anamtaka, yuko tayari kumleta.

"Ndiyo," mzee alisema upesi. "Mlete. Mlete kwangu."

Tulimsikia mkwe akivuta pumzi. Kisha akasema sawa. Sawa, Baba. Lakini sauti ilikuwa imekonda, kama ya mtu anayekukabidhi kitu huku bado amekishika.

Sijui mzee alisikia nini katika sawa ile. Mimi nilijisikia vibaya tu. Yeye aliinama juu ya simu, akasikiliza kwa muda, halafu akauliza swali ambalo hatukulifanyia mazoezi kabisa.

"Wewe uko na nani ndani ya nyumba?"

"Na yeye," mkwe alisema. "Asubuhi huwa naongea naye."

Mzee akafumba macho. Alipoyafumbua alisema, akitafuta kila neno kama mtu anayetafuta vifungo sakafuni: "Basi usimlete. Sio sasa. Mwache na wewe. Siku ukiweza, njoo. Wewe na yeye. Pamoja."

"Asante, Baba," alisema mkwe, kwa Kiswahili, na akalia. Alilia bila kuficha. Mzee hakumnyamazisha wala hakukata. Alisimama tu pale na shati lake la wanga mpaka kilio kikatulia, na kijiko kikagonga kikombe, na kwaheri ikasemwa.

Sikuweza kuvumilia zaidi. "Mzee! Alikuwa anakuletea! Umempata mkononi, halafu umemwachia?"

"Mimi nina watu," alisema. "Nina mtaa mzima. Nina wewe wa kunifokea. Yule ana boksi."

Nikatazama huo mtaa wake. Ulikuwa umetundikwa kwenye kamba juu ya vichwa vyetu, mikono ya mashati ikining'inia mitupu, kila nguo na kikaratasi chake. Kesho wenyewe wangekuja kuzichukua, wangesema asante wakiwa tayari wamegeuka. Nilijua hivyo kwa sababu nami ndivyo nilivyokuwa nikifanya. Sikumbishia.

Akachukua shati la mtu, akaanza kulikunja ingawa lilikuwa limeshakunjwa.

"Mwalimu," alisema. "Kuna neno refu alilisema mwanzoni. Nimeliacha lipite."

"Ndiyo, mzee."

"Mwanangu alikuwa mrefu kunishinda. Boksi anasema ni dogo. Ameingiaje?"

Ningeweza kudanganya. Ningeweza kusema sikulisikia vizuri, simu ilikuwa inakwaruza. Badala yake nikamuuliza kama ana hakika anataka kulisikia kwangu, maana alikuwa ameweka nadhiri.

"Masikio yangu yamefanya kazi yao, yamefika mwisho," alisema. "Sema wewe. Lakini kaa."

Alivuta stuli, akaketi mbele yangu, magoti yetu yakikaribia kugusana, na viganja vyake akavilaza juu ya mapaja. Nikamwambia. Nilimwambia kwamba huko wengi hawaziki, mwili huchomwa kwa moto mkali mpaka yabaki majivu, na majivu hupewa wenye msiba. Sikulipaka neno asali. Nilisema kwa upole niliokuwa nao, ambao si mwingi.

Alikitazama kiganja kimoja, akakigeuza. Ilikuwa mikono ya dobi: alama za pasi toka vidoleni hadi viwiko, za zamani nyeusi, za juzi bado nyekundu.

"Alikuwa ameshakufa?" aliuliza. "Walipofanya hivyo. Alikuwa ameshakufa kabisa?"

"Alikuwa ameshakufa, mzee. Kabisa."

"Hakuusikia moto."

"Hakusikia kitu."

Akaitikia kwa kichwa, akaendelea kuitikia muda mrefu, taratibu, kama anayekubaliana na mtu ambaye mimi simwoni. "Mradi hakuusikia," alisema. "Mradi hakuusikia."

Pasi ilikuwa bado inawaka pale mezani. Niliinuka nikachomoa waya wake ukutani, nikarudi kukaa.